Mdukuzi wa Saa Tisa

Saa tisa alasiri kifaa nisichokijua kiliingia tena kwenye mtandao wetu wa nyumbani. Jana nilikikata, leo kimerudi. Mimi, ninayesomea uzamili wa usalama wa mitandao, niibiwe intaneti kwetu?

Nikabeba kompyuta na kufuata nguvu ya mawimbi yake. Sebuleni yalikuwa hafifu. Jikoni yakajaa.

Mama alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Simu kuukuu ya kaka ilikuwa imeegemea chupa ya chai, na ndani yake profesa wangu alikuwa akifundisha kwenye video. Kwenye daftari Mama alikuwa amechora ruta yenye mishale kila upande, mmoja ukiwa umefutwa mpaka karatasi ikatoboka.

Akalifunika kwa kiganja.

"Ukinisimulia masomo yako mimi huitikia tu 'ehee', mwanangu. Nikaona na mimi nijifunze kidogo. Lakini jana mwalimu alikatika katikati. Nadhani waliona sielewi, wakanitoa darasani."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Nikavuta ndoo nyingine.

"Sogea, Mama. Jana mliishia wapi?"