Vikombe vya Madereva

Basi liliposimama tupate chakula cha mchana, niliingia mgahawa mmoja wa mabati kando ya barabara. Rafuni vilipangwa vikombe vya bati, na vitatu vilikuwa vimefunikwa kifudifudi.

"Vya madereva wa malori, kila mmoja na chake," mpishi aliniambia, huku akipepea jiko. "Hivyo vitatu ni kitendawili!"

"Tega," nikasema. Mimi na vitendawili tena!

"Njia wanaijua, chai yangu wanaipenda, lakini hawapiti tena."

"Wamepata mpishi mzuri zaidi."

"Wapi! Nipe mji, bibi."

Nikampa mji nilikokuwa naenda kumtafuta mwanangu, dereva wa lori. Ilikuwa wiki ya tatu simu yake haipatikani.

"Wamekufa barabarani," mpishi akasema. "Dereva akifa, tunamfunikia kikombe chake."

Hapo ndipo nilipokiona cha kijani kati ya vile vitatu. Mkono wake ulizungushiwa waya mwekundu, na waya ule niliuzungusha mwenyewe, kwa koleo, mwanangu alipokataa kununua kikombe kingine.

"Cha kijani cha nani?"

"Cha Kicheko. Mbavu zetu alizimaliza yule! Ulimjua?"

"Nilimzaa."

Kipepeo cha jiko kikamponyoka. Akanyoosha mkono upesi, akakigeuza kikombe, akakisimamisha kati ya vile vya walio hai.

"Hiki kilifunikwa kwa makosa, bibi," akasema bila kunitazama. "Nikutilie chai?"

Nje basi likapiga honi.

"Kifunike, mwanangu," nikamwambia. "Kisha uniambie mlimzika wapi."