Radi na Upanga-Butu Wakutana kwa Daktari wa Meno

Siku hiyo mjinga alikuwa daktari wa meno, na mwenyewe hakatai.

Mama mmoja wa makamo aliingia amejifunga skafu shingoni, chupa ya maji ya uvuguvugu mkononi. Akaonyesha gego bovu la nyuma.

"Meno ya mbele usiyaguse, mwanangu," alisema polepole, kama anayeiwekea sauti akiba. "Ndiyo yanayonilisha. Saa nane niko kazini, nakwenda kupiga kelele."

Muuza nyanya huyu, daktari aliwaza. Akamchoma sindano ya ganzi kwenye gego, wakasubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikoleta balaa, maana nesi alifufua ubishi wa jana: katika ile katuni ya mapanga na mazimwi, nani zaidi, Radi au Upanga-Butu?

"Radi, hilo halina mjadala," alisema daktari. "Kipindi cha kwanza tu kapasua mlima. Kazaliwa na nguvu zake."

"Na kipindi cha sitini bado anapasua milima. Kajifunza nini? Mwenzake alianza hawezi hata kubeba ndoo. Kapigwa, kalia, kakua."

"Kukua hata nyasi zinakua, dada. Tunazungumzia nguvu."

Mama akanyoosha kidole. "Aa..."

"Tulia, mama. Haya mambo ya katuni huwezi kuyajua."

Walishawekeana sharti: atakayeshindwa atabandika mlangoni karatasi yenye jina lake na maneno "Sijui kitu". Daktari aliiona akilini ile karatasi, akawaona na wagonjwa wakiisoma kwa zamu. Damu ikamchemka.

"Radi angemkamata hivi," alisema, akaingiza koleo mdomoni mwa mama, macho yote kwa nesi. "Akambana hivi. Halafu anavuta."

"A-aa," alisema mama. "A-aa."

"Ganzi imeshaingia, mama. Husikii kitu."

Ndipo ukatoka ukelele. Ulianza mwembamba, ukapanda, ukatikisa glasi ya kusukutulia. Nesi alijikuta amekaa sakafuni. Ukelele huo aliujua: kipindi cha arobaini, Upanga-Butu anavunjwa mkono.

Daktari akaliachia koleo.

Mama alisukutua bila haraka, akatema. Alipofungua tena mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ile ile ya Radi akipasua milima.

"Tangu umelishika hilo la mbele, wote wawili tunakukatalia."

Akakohoa kidogo, akamalizia kwa ile nyembamba ya Upanga-Butu: "Bovu liko nyuma, mjomba."