Barua ya Vifuniko

"Zima cherehani. Sasa hivi!"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio, sindano ikabaki imezama ndani ya plastiki nzito ambayo mafundi huiita vinaili. Miaka ishirini na sita karakanani hapo, hakuwahi kukemewa hivyo. Tena na mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mchanga.

Bosi alisimama mlangoni pa ofisi, barua imekunjamana mkononi. Kando yake alikuwepo mkataji, ambaye wote walimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Aliegemea meza akichokoa meno.

"Hoteli ile ya mlimani wameandika," bosi alisema. "Kuhusu vifuniko."

Mshonaji aligeuka kitini. Vifuniko vile sita vya mabwawa ya maji moto, yale ambamo wageni hukaa shingo nje wakijichemsha kama viazi, alivishona yeye peke yake. Na tangu mzee mwenye karakana afariki, mwanawe akashika usukani, washonaji watatu walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Nyumbani kulikuwa na mume aliyepooza na wajukuu wawili, wote wakila kwa sindano ile.

"Vimechanika wapi, mwanangu? Pale kwenye kunjo?"

"Mimi si mwanao. Hapa naitwa bosi. Na maswali nauliza mimi. Ulitumia jora lipi?"

"Mimi nilikata tu," Mkasi alidakia. "Aliyechagua ni yeye. Nilimwonya, bosi, lakini huyu bibi kichwa chake jiwe."

"Nyamaza, Mkasi. Debe tupu haliachi kuvuma," mshonaji alimjibu.

"Utaona leo debe ni nani!"

Sasa mshonaji akaelewa. Walitaka kumbambikia kosa la kutumia ile vinaili hafifu, nyepesi kama ganda la kitunguu, inayokauka kwa jua na kukatika kabla mwaka haujaisha. Alijifunga vizuri kanga kiunoni, akajitetea taratibu, jambo kwa jambo, kama mtu anayetandika kitanda.

"Nilichukua lile jora zito, lenye kitambaa mgongoni. Kipande chake nilikianika juani mwezi mzima, nikakikunja, nikakikunjua. Hakikupauka wala kufanya ufa. Uzi wa pamba nikaukataa, maana mvuke huuozesha. Nikatumia poliesta. Kwenye kunjo, panapoteseka kila siku kifuniko kikifunguliwa, nikalaza vipande viwili badala ya kimoja, nikapiga mishono mitatu. Na pembeni nikaacha vitundu vya kutolea unyevu, sponji iliyo ndani isinywe maji ikawa nzito kama maiti."

"Nani alikuagiza?"

"Marehemu baba yako ndivyo alivyonifundisha. Alikuwa akisema—"

"Baba yangu alikufa na jozi moja ya viatu." Bosi aligonga meza kwa kiganja, makasi yakaruka. "Kwa hiyo yote hayo uliyafanya kwa akili yako?"

"Kwa akili yangu na kwa mikono hii. Hata kuapa naapa."

Mkasi aliangua kicheko. "Kajimaliza mwenyewe! Bosi, hapo hakuna hata haja ya shahidi."

"Basi fungasha," bosi alisema. "Usingoje hata saa sita. Nisikuone hapa tena."

Mshonaji hakulia. Alikata uzi, akakitoa kile kifuniko cha mteja mwingine chini ya sindano, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akatia tepu yake ya kupimia na kidole cha chuma cha kusukumia sindano mfukoni. Kisha akasimama mbele ya bosi, kimo chake kikimfikia kifuani.

"Naondoka. Ila nisomee hiyo barua. Mtu hanyongwi bila kuambiwa kosa lake."

"Unataka kusikia? Haya, sikia!" Bosi aliikunjua kwa hasira hadi ikachanika pembeni, akaisoma meno yameumana:

"'Vifuniko vya mafundi wengine tulivibadilisha kila mwaka. Hivi vyenu, mwaka wa tano huu, viko kama siku vilipoletwa. Mpeni fundi wenu asante nyingi. Hatutahitaji vingine.'"