Mipira Miwili ya Hita

Fundi Lwitiko hakuwa mtu wa kukimbilia spana. Akiletewa gari kuukuu lenye shida ya hita, kwanza alishika ile mipira miwili inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Mmoja ukiwa moto na mwenzake baridi, alijua njia imeziba.

Asubuhi hiyo ya baridi kali, majirani wanne walimsukumia pikapu ya marehemu Ambakisye. Mjane wake, Tusekile, alikuja nyuma yao amejifunika blanketi.

"Alikufa analalamikia baridi ya humo ndani," alisema. "Nilimwahidi nitaitengeneza. Rejeta inakunywa maji, na chini haidondoshi hata tone."

Lwitiko alifungua boneti, akaishika mipira. Yote miwili ilikuwa moto. Akaigusa injini, nayo ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama, mmeiwasha leo?"

"Kwa ufunguo gani, fundi? Tulimzika na koti lake, hatukukumbuka kupekua mifuko."

Lwitiko aliinua macho. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, isipokuwa duara moja lililofutwa katikati, usawa wa uso wa mtu. Ukungu ukaanza kulifunika polepole, kisha likafutwa tena.