Sefu ya Fundi Saa

Mkaguzi wa silaha alilazimika kuruka begi ili aingie ndani. Lilikuwa limelala mlangoni, jeusi, refu, zipu imeshafungwa. Fundi saa ndiye aliyelinunua, na alilichagua kwa sababu lilimeza hata mwavuli mrefu wa mama mkwe wake.

"Mama anahamia kwa shemeji yangu," alieleza kabla hajaulizwa. "Gari linamfuata saa tano."

Mama mkwe alikaa kwenye kiti kando ya begi lake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mke wa fundi saa alikuwa amejifungia chumbani na mtoto, hakutaka kuona.

Mkaguzi, mwanamke mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, alikuja kuangalia kama bunduki inatunzwa inavyotakiwa. Akiridhika, kibali kinaongezwa muda. Asiporidhika, anaondoka nayo.

Bunduki yenyewe fundi saa aliachiwa na baba yake, mwindaji. Yeye hajawahi kulenga hata kopo tupu, na alikuwa wa kwanza kujicheka. Aliwasimulia wateja kwamba mnyama pekee aliyewahi kumwogopa ni paka wa jirani, na huyo naye alishamzoea. Alijicheka pia kwa kuwa fundi saa anayechelewa kufungua duka kila siku iendayo kwa Mungu, na kwa asubuhi ile aliyofika dukani amevaa ndara za mkewe. Usahaulifu wake aliuita kuwa na mambo mengi.

Sefu, hata hivyo, hakuifanyia mzaha. Alizunguka maduka wiki tatu akigonga milango ya chuma kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Hakutaka ya kufungua kwa vitufe, kwa kuwa haamini kitu chenye betri, ingawa betri ndizo zinazomlisha. Akachukua ya kuzungusha namba, yenye kimo cha kutosha bunduki isimame, akaikaza kwa bolti nne kwenye sakafu ya stoo, mbali na ukuta wenye unyevu. Risasi akaziweka kwenye kisanduku chake chenye ufunguo. Muuzaji alimpa vifuko vya kunyonya unyevu, kichupa cha mafuta, na daftari la kuandika kila sefu inapohudumiwa. Namba za siri hakumwambia mtu, hata mkewe. Binti yao alikuwa na miaka minne na hapakuwa na droo asiyoijua.

Kila asubuhi, kabla ya kukimbilia dukani, aliifungua sefu, akaitazama bunduki, akatabasamu. Kila jioni alirudi akaikuta imefungwa. Bawaba hazikulia. Mtutu haukuwa na hata chembe ya kutu. Alianza kuamini kwamba ana mkono wa baraka.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Alistaafu baada ya miaka thelathini ya kutunza ghala la dawa hospitalini, na mpaka leo chumvi ikiisha jikoni anaandika tarehe na saa. Mtu wa namna hiyo akaanza kuuliza swali lilelile kila jioni, mkwewe hata viatu hajavua.

"Baba, asubuhi ulifunga sefu?"

"Nilifunga, mama."

Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Siku moja alimfuata hadi getini akamwomba arudi ahakikishe. Fundi saa alicheka mpaka akachelewa zaidi. Alipofikisha mara arobaini, alimwambia mkewe kwamba mama kumbukumbu zinamwisha. Mkewe alimnunia siku mbili.

Halafu akagundua jambo jingine. Gurudumu la namba, ambalo kwa kawaida yake huliacha kwenye sifuri, jioni alilikuta kwenye saba, au kumi na tisa. Basi, mama alikuwa anakisia namba! Hapo akakata shauri. Sentensi aliyoisema mezani siku hiyo, mkewe akilia, sasa aliirudia taratibu ili mkaguzi aiandike.

"Mtu msahaulifu na bunduki havikai nyumba moja."

"Kweli kabisa," mkaguzi alisema, akaiandika.

Walipofika stoo, fundi saa akaziba gurudumu kwa mgongo, akafungua. Mkaguzi alitikisa sefu, haikucheza. Akapitisha kidole kwenye mtutu, akakinusa. Akakiri kwamba mwaka huu hajaona bunduki iliyotunzwa vizuri kama hiyo.

Fundi saa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Na mimi huyu, hata saa yangu ya mkononi haiendi."

"Daftari la huduma liko wapi?"

Fundi saa akapapasa mifuko yake. Alikumbuka kuandika mstari mmoja tu, siku ya kwanza.

"Liko nyuma ya kitako cha bunduki," mama mkwe alisema kutoka kitini.

Lilikuwepo. Kurasa zilikuwa zimejaa, mwandiko mdogo, uliosimama wima. Fundi saa alishusha pumzi. Mkaguzi akaanza kusoma kwa sauti.

"'Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi. Mlango wazi, ameshaondoka. Nimemtoa mtoto stoo. Nimepaka bawaba mafuta, nimefunga, nimevuruga namba.' 'Jumanne, saa mbili na dakika tatu. Mlango wazi.' 'Jumatano, mlango wazi, na ufunguo wa risasi juu ya sefu.'"

Akaendelea kufunua mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akarudi kwenye karatasi yake, akaipigia mstari sentensi moja, akaitoa bunduki ndani ya sefu na kuuliza kama kuna kitu cha kuibebea.

Mama mkwe akavuta zipu. Akatoa magauni, viatu, taulo, na mwisho mwavuli, akavipanga kitini kimoja kimoja.

"Chukua hili, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Urefu unatosha."