Popo na Sifa za Mjusi

Katika kisiwa kimoja cha mikarafuu aliishi Popo, mama anayenyonyesha, ambaye alikula mbu tangu magharibi hadi alfajiri. Kulipokucha alirudi pangoni akiwa hoi. Mjusi, aliyekuwa amelala usiku kucha, ndiye aliyewaambia wanyama, "Mbu mimi ndiye ninayewamaliza." Wakamwamini, wakamwita Bwana Mkubwa. Popo alisikia, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana.

Siku moja bawa lilimteguka, akabaki pangoni wiki nzima. Mbu wakajaa kisiwani, mtoto wa Paa akashikwa na homa. Wanyama wakamwendea Mjusi. "Bwana Mkubwa, mbona umetuacha?"

Mjusi akarukaruka ukutani, akaambulia mbu mmoja, kisha akainamisha kichwa. "Kusema kweli, wenzangu, kazi ile ilikuwa ya Popo."

Wakaenda pangoni kwa aibu. "Mama, tuwie radhi," Paa akasema. "Tukupe heshima gani?"

Popo akafumbua jicho moja. "Heshima mwachieni Mjusi, ameizoea. Bawa limepata nafuu, na jioni nitaanzia kwako, kwa mgonjwa. Sasa niacheni nilale."