Mtu wa Mirundo

"Hiki ni kibaraza au jalala?" Bi Lebo alilisukuma kapu la vitambaa kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayehakikisha kwamba panya amekufa.

"Kibaraza, dada," alijibu jirani yake, fundi cherehani, pini zikiwa mdomoni. "Jalalani watu hawaji kupimwa nguo."

"Usinifanyie mzaha. Mwenye nyumba anakuja leo alasiri. Nitamwonyesha uchafu huu, kisha nitamwambia chumba cha mtu mmoja umekigeuza bweni."

Fundi akazitoa pini mdomoni. Hapo mzaha uliisha. Chumba kile ndicho kilikuwa duka lake, jiko lake na kitanda chake. Akifukuzwa, yeye na cherehani yake wangelala mvuani. Mwenye nyumba alishamwonya kuhusu kujaza wageni. Bi Lebo alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyempelekea umbea.

Jina la Bi Lebo alipewa na mtaa, mgongoni mwake. Alikwenda semina ya siku moja ya kupanga nyumba, akarudi na mkasi, gundi na elimu yote ya moyo wa binadamu. Watu, alifundishwa, hawafanani. Wako wa droo, wasiotaka kitu kionekane. Wako wa rafu, ambao wasichokiona hawakikumbuki. Wako wa maboksi. Halafu wako wa mirundo, na hao ni wa kuhurumiwa tu. Nyumba ipangwe kufuata tabia ya anayeishi humo. Maneno mazuri, kama angemuuliza mtu. Hakumuuliza mtu. Akamfanya mumewe wa droo, binti wa boksi, mwana wa kiume wa rafu, na kila kitu kikabandikwa lebo, mpaka mto wa kochi: SI WA KUEGEMEA. Ukinywa chai kwake, kabla hujameza yeye ameshakiosha kikombe.

"Sikulaumu," aliendelea, akimtazama fundi kama mtu anavyotazama choo cha stendi. "Wewe ni mtu wa mirundo, ndivyo ulivyoumbwa. Lakini hizo kelele! Tangu jana jioni ukuta unatetemeka. Watoto wanaimba, sahani zinagongana, halafu kuna huyo mwanamume wako."

"Mwanamume wangu?"

"Usijitie hujui. Anacheka kama punda aliyekata kamba. Umemwokota wapi? Mwanamume mwenye heshima zake hacheki vile."

Fundi aliinama akaokota pini ambayo haikuwa imeanguka. "Labda kwao hapachekeki."

"Basi huo ushamba wake aupeleke hukohuko kwao! Mimi kwangu ni kimya, raha tupu. Baba watoto yuko safari ya kikazi. Shule zimefungwa, watoto wako kwa bibi yao. Nimepata nafasi ya kubandika upya, kila kitu kiko mahali pake."

"Hongera. Na wanao hawajakukumbuka?"

"Walipiga simu jana, kwa adabu zao. Wanangu si kama hawa wako wa kuokoteza. Ukiwaambia kaa, wanakaa. Unaweza kuwa nao chumba kimoja usijue kama wapo."

Mle ndani kicheko kikalipuka, cha mwanamume, kinene, cha tumbo zima. Mtoto akapiga kelele ya furaha. Mtu akasema "shii!" na ghafla pakawa kimya.

"Umesikia?" Bi Lebo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Wameitambua sauti yangu. Mwenye makosa hafichiki."

"Kweli, dada. Wameitambua."

"Sikiliza, fundi. Mimi sina roho mbaya. Kwa mwenye nyumba sitafungua mdomo, kwa sharti moja. Wote uliowajaza humo, wakubwa kwa wadogo, warudi makwao. Leo hii. Kila mtu ana kwao."

"Wakirudi, hutanisemea?"

"Naapa. Wakirudi hao, mimi na wewe hatuna neno."

Fundi akashusha pumzi. "Nimewabembeleza tangu asubuhi. Hawataki. Kila nikiwaambia wananitazama kama mbuzi wanaopelekwa machinjioni. Waambie wewe, pengine watakusikia."

"Watanisikia tu! Watu wa namna hii mimi nawajua, wanataka mtu wa kuwanyoosha."

Bi Lebo alikunja mikono ya blauzi. Akaruka kapu, akaruka rundo la vipande vya khanga, akashika pazia la mlangoni kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikiwa kimeshanyooshwa tayari kutoa amri. Akalivuta.

Walikuwa wamekaa chini, juu ya vitambaa, magoti yakigusana, wamelizunguka sinia moja. Mama mkwe wake alikuwa na kijiko hewani. Watoto wawili walijificha nyuma ya mgongo wa baba yao, na baba yao, vifungo vya shati wazi mpaka kitovuni, sanduku la safari likiwa limeegemezwa ukutani nyuma yake, alimeza tonge, akasukuma rundo pembeni kumpa nafasi.

"Karibu chakula, mke wangu," alisema. "Kaa popote."